Masikio ya Fundi Besi

Amplifaya ya Tajiri wa Matangazo ilikuwa haitoi sauti, lakini Tajiri mwenyewe alikuwa na sauti ya kuwatosha wote wawili. Alisimama mlangoni mwa kibanda akifoka kwamba gari lake halijatoka tangu asubuhi, kwamba kuna duka la vitanda linafunguliwa na halijatangazwa, kwamba mafundi wa siku hizi ni mbwembwe tupu. Fundi Besi alikuwa amejipenyeza chini ya kiti cha gari, miguu nje. Kila Tajiri alipovuta pumzi, fundi aliitikia, "Kweli kabisa, bosi," hata pale alipoambiwa kwamba mafundi wote ni wezi.

Pembeni, juu ya ndoo ya rangi iliyogeuzwa kichwa chini, mke wake alikuwa akifuma kitambaa cha meza. Watu wa pale walimwita Askari. Walisema hakuna mwanamke anayeshinda gereji siku nzima, katikati ya moshi na grisi, ila awe na wivu uliomzidi kimo. Basi yule anamlinda mume asiponyoke. Fundi viatu wa kibanda cha jirani alikuwa na mzaha wake wa kila siku. "Askari, zamu yako inaisha saa ngapi?" Naye humjibu, "Mfungwa akiachiwa." Watu hucheka, naye hucheka nao. Jibu la kweli alikuwa nalo, ila alikuwa ameapishwa asilitoe.

Jibu la kweli ni kwamba mumewe alikuwa kiziwi. Miaka mingi ya kuingiza kichwa kwenye buti za magari, kujaribu spika zinazotikisa vioo, ilikuwa imemla masikio kidogo kidogo, ikianza na sauti nyembamba. Kwanza zilipotea za ndege, kisha ya simu, kisha za watoto wa jirani, kisha ya mke. Zilizobaki zilikuwa zile nzito. Sauti nene ya mwanamume aliyemwelekea alikuwa akiipata, nusu kwa sikio na nusu kwa kutazama midomo. Besi aliisikia, na asipoisikia aliweka kiganja juu ya spika akaihisi. Watu walimpa lile jina wakidhani anapenda muziki mzito.

Zilizobaki zote zilisikilizwa na mkewe. Sindano yake ya kufumia ikienda, maana yake hakuna sauti. Ikisimama, sauti ipo. Akivuta uzi, sauti ipo lakini inakwaruza. Fundi alikuwa ametundika kioo kidogo juu ya meza, akidai ni cha kunyolea ndevu, na ndani ya kioo hicho alikuwa ameitazama mikono ya mkewe zaidi kuliko alivyowahi kuutazama uso wake.

"Fyuzi nzima," alisema Fundi Besi, akitoka chini ya kiti na kufuta jasho kwa kiwiko.

"Hata dereva wangu anajua kutazama fyuzi!" Tajiri akafoka. "Hilo ndilo la kujivunia?"

"Kweli kabisa, bosi."

Hakuwa fundi wa kubahatisha. Alipima umeme unaoingia kwenye amplifaya, ukawapo. Alifungua waya wa ethi, akakwangua rangi na kutu pale unapogusa bodi ya gari, akaufunga tena. Alipima ule waya mwembamba unaotoka kwenye redio kuiamsha amplifaya, nao ukawa mzima. Kisha akachuchumaa, akaonyesha taa ndogo iliyokuwa ikiwaka nyekundu.

"Unaiona hii, bosi? Haijafa. Imegoma tu. Kuna kitu kinaiumiza huko mbele, na yenyewe inajilinda."

Akachomoa nyaya za spika zote. Taa ikageuka kijani. Akarudisha moja, kijani. Ya pili, kijani. Aliporudisha ile ya kulia nyuma, nyekundu ikarudi. Akapanda juu ya gari, kwenye zile spika za mdomo mpana zinazotazama pande zote za dunia, akaufuata waya kwa vidole mpaka akaukuta umebanwa chini ya chuma cha keria, umechubuka, shaba yake inagusa bodi. Akakata, akaunga, akafunga tepu. Tajiri alikuwa amenyamaza sasa. Watu wakiona kazi inakwenda hunyamaza.

Kazi ngumu ilikuwa bado. Fundi alichukua maikrofoni akasema, "Jaribio, jaribio," huku jicho moja likiwa kiooni. Sindano ilikuwa ikienda. Akachukua bisibisi, akazungusha skrubu ya kuongeza nguvu polepole, "jaribio, jaribio," sindano ikienda tu. Akazungusha tena kidogo. Sindano ikasimama. Naye akasimama papo hapo, hakuongeza hata unywele. Sauti ilikuwa ikipasua barabara nzima, safi, na fundi viatu alikuwa ameziba masikio kwa nyundo na soli. Fundi Besi alitabasamu kama mtu aliyeisikia.

"Mkono wako una baraka," alisema Tajiri, sasa akicheka. Akamtazama mwanamke juu ya ndoo, kisha akamgeukia fundi. "Na huyu? Kila nikipita namkuta amekaa tu."

"Huyu hana kazi, bosi," akajibu fundi kwa sauti kubwa, maana hilo alilisikia vizuri. "Ukimwacha nyumbani atalala mpaka jua lizame. Hapa angalau anakula hewa ya bure."

Kicheko kilichofuata kilikuwa kirefu, na fundi viatu ndiye aliyechelewa kukimaliza. Askari aliinamisha kichwa, akaendelea kufuma. Alishazoea, lakini kuzoea si kutoumia. Aliuma ndani ya shavu lake kama kawaida yake siku za namna hiyo.

Ndipo Tajiri akasema neno ambalo kila mwenye kibanda kwenye barabara ile alikuwa akiliombea usiku na mchana. Vibanda vyote vilikuwa vimepigwa alama ya X nyekundu; barabara inapanuliwa, na siku yoyote tingatinga lingekuja. "Nina magari ya matangazo yadi nzima," alisema. "Nimechoka kuyahangaisha kwa mafundi wa njiani. Njoo ufanye kazi kwangu. Mshahara wa mwezi, chini ya paa. Jumatatu."

Fundi Besi alimshika mkono kwa mikono yake miwili.

Tajiri akapanda gari, akaliwasha, na injini ikanguruma. Alizungumza akiwa anatazama mbele, anafunga mkanda. "Lakini uje peke yako. Kwangu si baraza la wanawake. Askari wako abaki akulindie nyumba."

"Kweli kabisa, bosi!" akasema fundi, akichangamka. "Ndivyo hasa nilivyotaka!"

Gari likaondoka. Fundi viatu alipiga kofi pajani, akasema leo mfungwa kaachiwa. Mke ndiye peke yake aliyejua kwamba mumewe alikuwa amesikia injini tu.

Nyumbani, mama mkwe alikuwa amekaa kwenye mkeka mlangoni, akichambua mboga. Ilikuwa nyumba ya wapangaji, vyumba vikitazamana kwenye ua mmoja, kwa hiyo hakuna aliyegombana bila mashahidi. "Umerudi, mwanangu?" aliita. Mwanawe alimpita, akiwaza Jumatatu, akaingia ndani.

"Umeona?" mama mkwe akamgeukia mkwewe. "Kanipita kama nguzo ya umeme. Mimi niliyemzaa."

"Amechoka, mama."

"Uchovu gani huo unaokula adabu? Kabla hajaoa nilikuwa nikimwita kwa kunong'ona, anakuja mbio. Sasa nampigia kelele hageuki. Sikio la kufa halisikii dawa, lakini hili la mwanangu halikuwa la kufa. Limezibwa. Na aliyeliziba namjua."

Jirani mmoja aliyekuwa akianua nguo aliachia tabasamu. Askari aliinama, akaokota majani ya mboga yaliyoanguka nje ya ungo, akayarudisha. "Nisamehe, mama," alisema. Alikuwa akiomba msamaha kwa kosa lisilo lake tangu mwaka juzi.

Ndani, alimkalisha mumewe kitandani, akageuza uso wake mwenyewe kuelekea dirishani ili mwanga umwangukie yeye msemaji. Ndivyo walivyozungumza mambo mazito.

"Amesema uende peke yako."

"Nani?"

"Tajiri. Hataki nije. Na wewe umemjibu kwamba ndivyo hasa ulivyotaka."

Uso wa fundi ulibadilika, kisha akajitahidi kuurudisha. "Basi nitakwenda peke yangu."

"Utasikia kwa kitu gani?"

"Kwa mkono. Nina mikono, sina?"

"Mkono unasikia besi. Zile spika zake za juu ya gari hazina besi, unajua kuliko mimi. Ni sauti nyembamba tupu. Utaweka mkono hapo mpaka uote mizizi."

"Nyaya zake ndizo mbovu. Nyaya hazisikilizwi, zinapimwa."

"Na ukimaliza kuzipima? Mwambie ukweli. Mwambie kabla hujaanza. Fundi mzuri hafukuzwi kwa sababu ya masikio. Hospitali walisema kuna kifaa..."

"Kifaa!" Sauti yake ilipanda bila yeye kujua. Alikuwa hajui tena ukubwa wa sauti yake. "Unataka nivae kifaa sikioni, mimi, fundi redio? Umewahi kumwona kinyozi kipofu? Watakuja kunitazama kama kichekesho, wala hawatakuja na redio."

"Punguza sauti. Mama yuko mlangoni."

Akapunguza. Kisha mke ndiye aliyesema lile lililokuwa likimkereketa tangu mchana. "Leo umeniita mvivu mbele ya watu."

"Ningesema nini?"

"Ungesema mke wangu ananisaidia."

"Kunisaidia nini? Kufuma vitambaa? Wangeuliza, na ukiuliza moja unauliza la pili." Alitazama magoti yake. "Wewe wakikucheka wanakucheka tu. Mimi wakinicheka, tunalala njaa."

Aliyasema bila ukatili, na hilo ndilo lililomuumiza mkewe zaidi. Alikuwa ameshapiga hesabu ya nani kati yao achekwe na nani asichekwe, akaona inalingana. Akamshika mkono, akamwomba aape tena kwamba hatamwambia mtu, hata mama. Akaapa. Mkono wa mume ulikuwa na joto, na yeye bado alikuwa akimpenda, jambo ambalo halikumsaidia chochote.

Siku za mwanzo yadini zilipita salama. Alirudi jioni na harufu ya rangi ya gari na maneno ya kujisifu. Alikuwa amebadilisha nyaya, amelehemu viungo, amepanga betri upya. Aliyejaribu sauti alikuwa dereva, naye fundi alisimama pembeni akimtazama usoni. Dereva akitikisa kichwa, anarudi kazini. Akionyesha dole gumba, anafunga sanduku la vifaa. "Unaona?" alimwambia mkewe. "Watu wote wana mikono." Askari alisema amefurahi. Alikuwa akishinda nyumbani sasa, akifuma chini ya macho ya mama mkwe, na kila aliposimamisha sindano apumzike alijikuta akitega sikio kama vile kuna mtu anayesubiri jibu.

Asubuhi moja dereva hakufika kazini. Watu wa maji walitaka tangazo litoke upesi kwamba maji yatakatwa mji mzima, na habari ilikuwa imeshavuja, maana bombani palikuwa na foleni ya ndoo mpaka nje ya uchochoro. Askari alikuwa kwenye foleni hiyo. Yadi ya Tajiri ilikuwa nyuma ya safu mbili za nyumba, na wanawake walikuwa wakizozana nani alitangulia, pale sauti iliposhuka juu ya mabati ya mtaa mzima.

"Jaribio. Jaribio. Moja, mbili."

Ilikuwa sauti ya mumewe, safi, kubwa. Moyo wake ulitulia kwa furaha. Imekubali, alijisemea.

"Jaribio. Mbona haitoi?"

Wanawake wakatazamana.

"Moja, mbili. Mbona haitoi hii?" Sauti ilikuwa imeongezeka. "Taa ya kijani. Waya mzima. Mbona haitoi?"

"Inatoa, baba!" akapiga kelele mwanamke mmoja mwenye ndoo ya buluu, akitazama angani. "Inatoa mpaka tumbo linauma!" Foleni nzima ikaangua kicheko.

Askari hakuhitaji kuwapo ili aone. Aliona jenereta la yadini likinguruma karibu na mumewe na kujaza kile kisikio kidogo alichobakiwa nacho. Aliona kiganja chake kikiwa juu ya spika isiyotikisika. Aliona bisibisi kwenye ile skrubu, inazungushwa kidogo, tena kidogo, na hakuna sindano ya kusimama popote. Akatua ndoo.

"Jaribio!" Sasa ilikuwa ikipasuka, imejaa mikwaruzo, na watoto wachanga migongoni walianza kulia. Kisha ikashuka, kama mtu anayezungumza peke yake, ila kunong'ona kwake kulienea juu ya kila paa. "Mke wangu. Ungekuwapo hapa, mke wangu. Ipo au haipo? Niambie."

Kicheko kilichotoka kwenye foleni ile hakijawahi kusikika bombani. Mmoja alilazimika kukaa chini. "Msikieni! Hata kazini anaomba ruhusa ya Askari!" "Mwambie, shoga! Mwambie ipo!" Walikuwa hawana ubaya, walikuwa wamechoka, maji yanakatwa, na Mungu kawaletea kichekesho. Yeye alikuwa ameshaanza kukimbia.

Alipofika njia panda, maikrofoni ilikuwa imeshikana na spika zake yenyewe na kutoa ule mlio mwembamba wa kutoboa ubongo. Watu walitoka majumbani wakiziba masikio. Mlinzi wa yadi alimzuia getini, mkono mmoja sikioni. "Wanawake hawaingii, amri ya bosi!" Kupitia nondo za geti alimwona mumewe. Alikuwa ameinama nyuma ya gari, mgongo wake ukiwageukia wote, akizungusha. Tajiri alikuwa hatua chache nyuma yake, mishipa ya shingo imemtoka. "Zima! Nimesema zima! Zima, we mwehu!" Na fundi alikuwa akiongeza.

Askari akapiga kelele. Alimwita kwa jina lake, lile ambalo hakuna aliyelitumia isipokuwa yeye, kwa sauti yake nyembamba ambayo masikio yale yaliiaga zamani. Akavua kandambili ya mguu wa kulia, akaipitisha juu ya geti, akairusha kwa nguvu zote. Ikampata katikati ya mgongo.

Fundi Besi aligeuka. Alimwona mkewe getini, akamwona Tajiri, akaona midomo. Alinusa pia moshi mweupe uliokuwa ukitoka kwenye amplifaya nyuma yake, maana pua yake ilikuwa nzima. Mlio ukakatika. Kimya kikaingia mtaa mzima, na kwenye kimya hicho sauti ya kwanza kusikika ilikuwa ya mlinzi. "Kampiga mumewe kwa kandambili," alisema kwa mshangao. "Mchana kweupe."

"Kiatu!" mama mkwe alikuwa akiwaambia wapangaji uani. "Mwanangu anapigwa kiatu hadharani, kama mbwa aliyeiba nyama! Na mimi nipo hai nasikia!"

Ndani ya chumba fundi alikuwa amejilaza, uso ukutani. Mkewe alimgusa bega. Aligeuka akamtazama mdomo.

"Tajiri anasema umetumwa," alimwambia. "Na mpinzani wake mmoja wa biashara ya matangazo, ili umharibie siku ya leo. Alikuambia uzime, ukaongeza, na watu wote wameona. Anakwenda kituoni."

Fundi alifikiri, kisha akasema jambo ambalo mkewe hakulitegemea. "Mwache aamini hivyo."

"Watakufunga!"

"Nitatoka. Mtu aliyetumwa, kesho hutumwa tena, watu wanajua ana mikono. Fundi redio kiziwi, nani atamtuma hata dukani?" Akakaa. "Lakini tujaribu kwanza. Akija hapa, sema nilikuwa na homa. Kali. Nilipandwa na homa, kichwa kikazunguka, sikujua ninalofanya. Mimi nitaitikia."

"Ataamini?"

"Ukilisema wewe kwa heshima ataamini. Mimi nitakuwa nyuma yako." Akamshika kidevu, kama mtu anavyomshika mtoto asiyesikia. "Homa. Umenielewa? Hakuna jingine."

Aliitikia kwa kichwa.

Tajiri alikuja kabla ya jua kuzama, na dereva, ambaye alikuwa amejitokeza mchana ule akiwa na sababu zake. Dereva alibeba amplifaya ndani ya gunia, akaitua katikati ya ua. Ilikuwa bado inanuka. Milango ya vyumba ikafunguka mmoja baada ya mwingine. Fundi Besi alisimama kwenye kizingiti cha chumba chake, amevaa shati la kanisani, amelifunga mpaka kifungo cha juu, na mkewe akasimama mbele yake.

Siku hiyo Tajiri hakufoka. Alizungumza chinichini akiitazama amplifaya, kama mtu aliyekuja msibani, na hilo liliwatisha watu zaidi.

"Sikuja kugombana, mama. Nataka kuelewa jambo moja kabla sijafika kituoni. Nilimtoa huyu barabarani, nikampa paa na mshahara. Mtu namwambia zima, anaongeza. Namwambia tena zima, anaongeza. Nimemkosea nini?"

"Hujamkosea, baba," alisema Askari. "Mume wangu..."

Homa ilikuwa pale, kwenye ncha ya ulimi. Ilikuwa neno dogo, rahisi. Angelisema, na labda Tajiri angesamehe, na Jumatatu nyingine mumewe angerudi kusimama peke yake kwenye ile skrubu, mpaka siku atakayoegemea gari lililowashwa huku mtu akimpigia kelele asogee.

"Mwanangu si mtu wa kutumwa!" mama mkwe akadakia kutoka mkekani. "Mimi nilimlea, Mungu anajua. Kiburi hicho kakifundishwa ukubwani, na aliyemfundisha ndiye huyo mnayemuuliza. Kamziba masikio mwanangu, sasa kazi imemponyoka, na kandambili juu!"

Wapangaji waliguna kwa kukubali. Askari aligeuka akamtazama mumewe. Fundi alikuwa amekaza macho kwenye midomo yake, anasubiri lile neno, ameshaanza hata kuweka uso wa mgonjwa. Mke akageuka tena, akampa mgongo kabisa, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia akiwa na la kusema.

"Mume wangu ni kiziwi," alisema.

"Nini?"

"Ni kiziwi, baba. Hakukusikia ukisema zima. Hakukusikia siku ile uliposema nibaki nyumbani. Alisikia injini ya gari lako, akaitikia. Hamsikii mama yake akimsalimia pale mlangoni. Nilikuwa nikikaa kwenye ile ndoo kumsikilizia. Ile ndiyo kazi yangu, ile mliyokuwa mkiicheka. Aliniapisha nisiseme, na nimesema. Hajatumwa na mtu."

Mama mkwe alikuwa ameweka kiganja mdomoni, na mboga zilikuwa zikimwagika kutoka kwenye ungo bila yeye kuziona. Dereva alitazama chini. Tajiri aliinua macho kutoka kwenye gunia, akayapitisha juu ya bega la mwanamke, akamtazama fundi aliyesimama kizingitini. Lilikuwa jicho la huruma, na ndani ya huruma hiyo kazi ilikuwa imeshakwisha.

Fundi Besi aliiona huruma, akajua homa imekubalika. Akajua pia kwamba zamu yake imefika. Akasogea mbele, akajishika paji la uso, akatabasamu kwa unyenyekevu.

"Ni kweli, bosi," alisema, kwa sauti kubwa kupita kiasi. "Ilinishika tangu alfajiri. Lakini nimekunywa dawa, nimepona kabisa. Kesho niko kazini."